Jumatano yangu katika shule isiyo na kengele

Saa 11:30 alfajiri. Minnesota, nyuzi 22 chini ya sifuri, na dereva anapiga simu: basi limekataa kuwaka. Shule kubwa zina idara ya usafiri. Kwetu, shule ya chata, yaani shule ya umma inayojiendesha kwa mkataba, idara ndiyo mimi.

Saa 2 asubuhi. Wanaingia na makoti yao. Hakuna vipindi, kila mtoto ana meza yake, mwalimu mlezi, na mradi aliouchagua mwenyewe. Jimbo hili ndilo lililotunga sheria ya kwanza ya shule za chata Marekani, 1991. Fedha zatoka serikalini, ada hakuna, lakini tukivunja mkataba tunafungiwa.

Saa 3:20. Kijana ananiletea pendekezo lake kwa mara ya tatu: kufufua injini ya skuta, apate alama za fizikia.

"Fizikia iko wapi?"

"Si itawaka?"

Namrudisha akapime mgandamizo wa silinda. Anaondoka amenuna. Wanaodhani tunawaachia watoto wafanye watakalo, waje wakae kwenye kiti changu siku za mapendekezo.

Saa 5. Mahudhurio. Binti mmoja hajaonekana siku ya 13 leo. Zikitimia 15 mfululizo, sheria inamtoa kwenye rejista, na fedha zake zinakwenda naye. Nakiri, niliwaza fedha kwanza. Shangazi yake anasema analea mdogo wake; tumekubaliana kesho aje hata nusu siku.

Saa 8 mchana. Mama mmoja wa Goma amekaa, mkoba mapajani.

"Mwalimu, mutoto iko nasoma nini kweli? Daftari hana."

Nikamwita mwanawe alete mradi wake: gesi iliyoyeyuka chini ya Ziwa Kivu. Akaeleza methani, akaeleza kaboni dayoksaidi, kwa Kiswahili cha kukwaruza. Alipofika kwenye hewa nzito inayotuama mabondeni na kuua mbuzi, mama akamkatiza: "Hiyo ni mazuku. Kwetu hata mutoto mudogo anajua." Kijana akaomba amtajie tena, akaandika, na jina la mama likaingia kwenye orodha ya watu aliowahoji. Mama akacheka. Kisha akanigeukia: "Na mtihani?" Mtihani wa jimbo anafanya kama wengine, nikamwambia. Hapo ndipo alipovaa glavu zake.

Saa 12:30 jioni. Bodi. Nusu saa nzima juu ya bili ya kupasha joto.

Saa 3 usiku nakuta karatasi mezani. Pendekezo la skuta, mara ya nne: namba tatu, grafu safi, vizio hakuna. Nikaandika pembeni: "Vipimo vya nini?" nikazima taa.