Modeli yangu ya mji wa Ripley, Ohio: sasa nimehamia ng'ambo ya mto

Haya wadau, mradi unasogea. Kwa wale wapya, natengeneza modeli ya Ripley, kamji kadogo ukingoni mwa mto Ohio, kama kilomita 80 hivi ukipanda mto kutoka Cincinnati ninapoishi. Nimechagua uwe mji wa miaka ya 1850, maana mwaka 1850 ndio Marekani walipitisha ile sheria ya watumwa waliotoroka, yaani hata kama uko kwenye jimbo huru, lisilo na utumwa kama Ohio, ukimficha mtu aliyekimbia unakula faini hadi dola 1,000 na jela miezi sita, na bado watu wa Ripley waliendelea kuwaficha.

Kilima kimeisha. Nimepanga tabaka za kadibodi, juu yake plasta, na pale kileleni nimeweka nyumba ya mchungaji John Rankin, kijumba cha matofali mekundu cha mwaka 1828 ambacho mpaka leo kipo na wageni wanaingia. Zile ngazi 100 za kutoka mjini kwenda juu nimezikata kwenye vijiti vya aiskrimu, kazi inaumiza macho ile, ila Ripley bila ngazi sio Ripley. Huyu Rankin, mzungu, alizaliwa Tennessee, jimbo lililoruhusu utumwa, akahamia Ripley 1822, halafu akasikia ndugu yake kule Virginia kanunua watumwa. Akaanza kumwandikia barua za kupinga jambo hilo, na zikachapishwa kwenye gazeti la hapo mjini mwaka 1824, baadaye zikawa kitabu. Yeye na mkewe Jean walikuwa na watoto 13 na familia nzima ilikuwa kazini, kupokea watumwa waliotoroka, kuwalisha, kuwasindikiza usiku mpaka nyumba nyingine ya maficho huko mbele. Usiku taa ilikuwa inawekwa ionekane mpaka Kentucky, jimbo la utumwa lililo ng'ambo ya mto, kwa hiyo na mimi nimeweka kitaa cha LED ya njano, na ukizima taa za chumbani unaelewa kabisa kwa nini ile nyumba ilijengwa pale na sio kwingine.

Mto nao nimeupunguza upana makusudi. Ohio wa leo umejazwa na mabwawa, maji yamepanda, ila zamani kiangazi ulikuwa unashuka sana na baridi ikikaza unaganda. Kuna mama mtumwa alitoroka akavuka na mtoto wake mchanga mwaka 1838 barafu ikiwa imeshaanza kuoza, akafika hai, akina Rankin wakampokea.

Sasa kilichonifanya niongeze ubao mwingine mzima. Picha na michoro mingi ya Ripley inaishia majini, unaona mji, kilima, taa, basi. Mimi naona huo ni nusu ya mji, kwa sababu kuna mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa ng'ambo, John P. Parker. Alizaliwa Norfolk, Virginia, mwaka 1827, mama mtumwa, akauzwa akiwa na miaka 8 na kutembezwa kwenye minyororo, akaishia Mobile kule Alabama. Akajifunza kusubu chuma, akalipa dola 1,800 kununua uhuru wake mwaka 1845, baadae akaja Ripley akafungua karakana yake Front Street, mtaa unaotazamana na mto. Mchana anasubu vyuma, usiku anachukua mtumbwi anavuka kwenda Kentucky kuwatoa watu. Ye mwenyewe mweusi, akikamatwa kule kwisha habari yake!

Kisa ambacho siwezi kukiacha, alikisimulia mwenyewe kwa mwandishi wa habari miaka ya 1880: mume na mke wanataka kutoroka ila bwana wao kashahisi kitu, kamchukua mtoto wao mchanga analala nae chumbani kwake, bastola pembeni kwenye kiti na mshumaa unawaka. Parker akaingia mule ndani, akanyata mpaka kwenye kitanda, akamkwapua mtoto, mshumaa ukaanguka, wakakimbia wote mpaka mtoni na wakavuka salama. Ndio maana natengeneza ile nyumba ya Kentucky ikiwa wazi upande mmoja, chumba kionekane, kitanda, kiti, mshumaa.

Parker huyo huyo ndiye aliyekuja kupata hataza ya mashine ya kukandamiza tumbaku mwaka 1884, tumbaku ndio ilikuwa biashara kubwa ya eneo lile, kisha ya chombo cha kuvunjavunja udongo mwaka 1890. Watoto wake akawasomesha mpaka vyuo. Nyumba yake imekarabatiwa na sasa ni makumbusho, na mwaka 1997 yake na ya Rankin zote ziliingizwa kwenye orodha ya taifa ya alama za kihistoria, kitu ambacho kwa mji mdogo vile ni kikubwa sana.

Kilichobaki ni karakana ya Parker yenye bomba la moshi, safu ya nyumba za Front Street, halafu maji. Nataka kumwaga resini, ile plastiki ya maji inayoganda, ila ubao wangu umetokana na vipande viwili na sijaamua nizibe maungio kwa silikoni au nimwage kwa tabaka nyembamba nyembamba. Mwenye uzoefu aniambie kabla sijafungua kopo.