Eti kaseti imelegea

"Mjomba, hii kaseti imelegea, au ndiyo mwendo wao?"

Dula kasema hivyo Jumanne jioni, macho kwenye simu. Wiki hii Zuhura kaletewa posa na kazini wametuhamishia Kurasini, lakini mimi nalala na kaseti, naamka na kaseti. Angalau angeniangalia usoni!

Ni kaseti ya mchiriku, ule muziki wa uswahilini Dar. Miaka ya 1990 mchiriku ndio uliotufanya tuitwe wahuni: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na spika za tarumbeta zinazokwaruza mpaka alfajiri. Wazee wakilalamika, nani wa kutukimbiza? Leo mtoto wa dada yangu anauliza kama utepe umelegea.

Yeye, mnajua, anapika singeli, ule muziki wa mbiombio wa vijana wa Dar, kwenye ile kompyuta aliyouzia baiskeli. Midundo 200 kwa dakika kwake ni kujinyoosha. Akichangamka anaikaribia 300. Hausi ya Chicago, muziki wa dansi wa mashine wenye midundo 120 na ushei, anaiita muziki wa kusubiria daladala. Tangu lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala itoe albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017, kazi za vijana wa studio ya Mburahati, hapa Dar, anaamini dunia ilianzia Mburahati.

Majibu yamenijia baadaye, kitandani. Ningemwambia ile mashine ya besi, Roland TB-303, ilitoka 1981 ishike nafasi ya gitaa la besi, ikadoda, bei ikaporomoka, ndipo kundi la Phuture wa Chicago wakaizungusha vitufe hovyo hadi ikalia sauti isiyo na jina. Hiyo ndiyo sauti ya wimbo wao Acid Tracks wa 1987. Ningemwambia TR-808, mashine ya ngoma ya Roland haohao, nayo kiwanda kiliacha kuitengeneza 1983, na ngoma zake zinapigwa hadi leo. Mashine wanazozidharau wenye nazo huishia kwa watu kama sisi, na Casio yetu ni ukoo huohuo. Nilichomjibu ni "ndiyo mwendo wao", basi.

Jana usiku nasikia kinanda kilekile chumbani kwake. Kachukua kaseti bila kuomba, kakata kipande cha sekunde chache, kakipandisha kasi, anakizungusha. Kilikuwa kinapiga kelele kama kuku aliyeshikwa mguu. Kitamu!

"Mjomba, huu mkwaruzo kompyuta haiwezi kuutoa. Unazo nyingine?"

Nikamwambia apunguze sauti, watu wamelala. Kisha nikaenda kuvuta boksi chini ya kitanda, tukakaa mpaka saa nane.

Mwenye nyumba kapiga tena asubuhi hii, sijapokea. Kodi nimelipa hadi Desemba. Sasa anataka nini?