Eunos Roadster: kibao cha namba cha mbele kimekaa, na bampa halijatobolewa

Kibao cha mbele sasa kimekaa mahali pake, hakitetemeki gari likiwa sailensa (injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta), hakigusi matuta, na askari wa usalama barabarani anaweza kukisoma akiwa mbali. Naandika haya nikiwa na furaha ya kweli, kwa sababu kazi ambayo wengi huimaliza kwa skrubu mbili imenichukua muda mrefu kuliko kubadilisha klachi, na kwa sababu suluhisho nililolipata litamfaa yeyote mwenye Roadster ya kizazi cha kwanza hapa Tanzania.

Gari ni Eunos Roadster, yaani Mazda MX-5 ya soko la Japani, ya mwaka 1992 yenye injini ya lita 1.6, lile lenye taa zinazoinuka. Chanzo cha tatizo ni vipimo. Kibao cha Japani kina upana wa milimita 330 na kimo cha milimita 165, na matundu yake ya bolti yametengana kwa milimita 210. Breketi (kishikio cha kibao) iliyokuja na gari ilitengenezwa kwa ajili ya umbo hilo tu. Nyuma hakukuwa na shida, kwa kuwa kibao chetu kifupi chenye mistari miwili kinaingia vizuri katika nafasi iliyochongwa kwenye bodi. Mbele nilipewa kile kirefu chembamba, ambacho kwa tepu yangu kina sentimita 52 kwa 11, na bampa la Roadster limepinda kiasi kwamba kibao cha urefu huo kikilazwa juu yake hugusa katikati tu na ncha zote mbili zinabaki hewani.

Ushauri unaopatikana kwa wamiliki wa Marekani hausaidii sana. Majimbo kama Florida, Pennsylvania, Michigan na Arizona hayadai kibao cha mbele kabisa, na Ohio iliacha kukidai tarehe 1 Julai 2020, kwa hiyo wenzetu wengi wa huko huishia kung'oa breketi na kuziba matundu. Hapa kwetu hakuna mjadala wa namna hiyo: gari binafsi hubeba kibao cha njano chenye maandishi meusi mbele na nyuma. Kukiweka juu ya dashibodi nyuma ya kioo, kama wafanyavyo baadhi ya vijana wenye magari ya kushuka chini, sikubaliani nako hata kidogo. Kibao ni utambulisho wa gari kwa mtu aliye nje, na mtu aliyegongwa ana haki ya kukisoma bila kuchungulia kwenye kioo chenye mwanga wa jua.

Kutoboa bampa pia nilikataa tangu mwanzo. Bampa hili ni la plastiki laini, limepita miaka 30, na kila tundu jipya huwa mwanzo wa ufa. Kukining'iniza chini ya bampa hakuwezekani kwa gari la kimo hiki, maana tuta la kwanza la mtaani lingekikunja. Ikabaki sehemu moja tu, yaani ndani ya mdomo wa bampa, na hapo ndipo hofu ya joto ilipoingia, kwa sababu mdomo huo ndio njia kuu ya upepo kuelekea kwenye rejeta.

Kuhusu joto niseme wazi, kwa kuwa jambo hili huelezwa vibaya mara nyingi. Gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Ubungo, kibao mdomoni hakibadilishi mambo kwa kiasi kinachoonekana, kwa sababu upepo wote unavutwa na feni, na feni huvuta kutoka popote penye nafasi. Tofauti huonekana gari linapokimbia, pale ambapo upepo wa mwendo ndio unaofanya kazi. Mshale wa joto wa dashibodi siuamini. Huganda katikati kwa muda mrefu na kupanda wakati umeshachelewa. Nilifunga kipimo cha tarakimu, na kwenye Barabara ya Bagamoyo, mchana wa jua kali, kibao kikiwa katikati ya mdomo kilionyesha nyuzi tatu zaidi kuliko mdomo ukiwa wazi. Kukishusha hadi theluthi ya chini ya mdomo kulifuta karibu tofauti yote. Bado tuko chini ya nyuzi 97, ambapo feni ya gari hili huwaka, kwa hiyo naona inatosha.

Mahali pa kushikia palipatikana chini kabisa. Roadster ya kizazi hiki ina ndoano mbili za mbele za kufungia gari melini, zilizofungwa moja kwa moja kwenye fremu, kushoto na kulia. Nilikata vipande viwili vya chuma bapa cha milimita 4 kwenye mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikavifunga kwa bolti zilezile za ndoano, nikavikunja vielekee juu ndani ya mdomo, na kuviunganisha kwa kipande cha kulala. Uzito wote ukawa juu ya fremu, na plastiki haibebi chochote. Breketi hiyo mpya ilikuwa nzuri kuitazama injini ikiwa imezimwa.

Injini ilipowaka, kibao kilianza kupiga kelele. Hili ndilo tatizo lililonitesa kuliko yote, na ndilo ninalotaka wenzangu walielewe. Sailensa ya injini hii ni mizunguko 850 kwa dakika, na injini ya silinda nne hulipua mara mbili kwa kila mzunguko, ambayo ni milipuko 28 na kidogo kwa sekunde. Kibao chembamba kilichoshikwa kwenye matundu yaliyotengana kwa sentimita 21 huacha zaidi ya sentimita 15 zikielea kila upande, na ncha hizo zilikuwa zikiitikia mtetemo wa sailensa kwa nguvu ya ajabu. Ukiipandisha injini kidogo tu, kimya. Niliweka mpira wa tyubu nyuma yake, sauti ikapungua lakini ncha zikaendelea kucheza. Nikakaza bolti zaidi, na alumini ikaanza kufanya nywele za nyufa kuzunguka tundu la kushoto. Niliongeza chuma kingine kwenye breketi, na mtetemo ukahamia kwenye mizunguko ya juu kidogo, ile ninayoitumia gari linapotambaa kwenye foleni, jambo lililokuwa baya zaidi. Kuna jioni nilifunga boneti kwa hasira, nikaenda kulala bila kunawa mikono.

Kilichoponya ni kuacha kuishughulikia breketi na kukishughulikia kibao chenyewe. Nilichukua engo ya alumini (ubao wa chuma wenye umbo la L) ya milimita 20 kwa 20, yenye unene wa milimita 2, nikaikata kwa urefu wa sentimita 50, nikaifunga nyuma ya kibao kama uti wa mgongo, na bolti za nje nikazitenganisha kwa sentimita 42. Sasa kila upande umebakiwa na sentimita 5 tu zisizoshikwa, na ukingo uliosimama wa engo unazuia kibao kisipinde. Kati ya engo na breketi kuna bushi nne za mpira. Niliwasha injini, nikaweka kidole kwenye ncha ya kulia, na nilichosikia kilikuwa mtetemo ule wa kawaida wa gari zima. Nilimwita fundi wa jirani, Mzee aliyenichomelea vile vyuma, naye akaweka kidole chake, akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo sasa mtetemo umelala, kijana."

Bolti ni za chuma kisichoshika kutu, na kati ya kila bolti na alumini nimeweka washa ya nailoni. Hewa ya Dar es Salaam ina chumvi, na metali hizi mbili zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa utoboaji, natetea drili ya ngazi (yenye ncha inayopanuka hatua kwa hatua) dhidi ya drili ya kawaida kila siku ya juma: kwenye bati jembamba drili ya kawaida hung'ata na kutoa tundu la pembe tatu, na tundu la namna hiyo ndimo ufa unamoanzia. Fremu za plastiki za kuzungushia kibao sizitaki, kwa sababu hufunika kingo za maandishi na kutunza maji nyuma yake.

Pembe ya kibao niliipima kwa pimamaji na kipimapembe cha shule. Japani ina kanuni nzuri ya kuigwa hapa: kwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021, kibao cha mbele hakiruhusiwi kuelekea juu au chini zaidi ya nyuzi 10. Changu kimeelekea juu kwa nyuzi 4. Kisha nikatumia kipimo cha Uingereza, ambako mtahiniwa wa leseni hutakiwa kusoma namba ya gari akiwa umbali wa mita 20. Nilisimama umbali huo saa kumi na mbili jioni, mwanga ukiwa hafifu, nikasoma kila herufi.

Hatua iliyopangwa kufuata ilikuwa mota ya taa ya kushoto, inayoinuka kwa kusitasita. Nimeiahirisha. Nilipokuwa nimelala chini ya gari nikifunga bolti za mwisho, niliona kwamba kati ya mdomo wa bampa na kingo za rejeta kuna mapengo makubwa pande zote mbili, na upepo mwingi unaoingia unapita humo bila kugusa rejeta. Hasara hiyo naamini ni kubwa kuliko ile ya kibao kizima. Nimeshakata maboksi kwa ajili ya vielelezo vya kuta mbili za kuuelekeza upepo, na kesho naenda kutafuta karatasi ya plastiki ya milimita 3.