Doa jekundu Olorgesailie

Mwezi Juni, usiku ukianza tu, kundi la nyota la Omega Centauri huwa limepanda vizuri upande wa kusini. Kutoka Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi nchini Kenya, huonekana kwa macho matupu kama nyota moja yenye ukungu. Ni nyota zipatazo milioni 10 zilizosongamana, umbali wa miaka ya nuru kama 17,000. Nilikuwa nimeitamani picha yake muda mrefu, hasa zile nyota hafifu za pembezoni.

Usiku ule hizo ndizo zilizopotea. Kila picha tuliyopiga kwa kamera iliyofungwa kwenye darubini ilikuwa na doa la wekundu kwenye pembe ya chini, zito ukingoni, likififia kuelekea katikati.

Mpwa wangu alidhani ni mwezi, lakini mwezi ulikuwa haujachomoza. Tukaigeuza darubini hadi kwenye nyota za Nge. Doa likabaki pembe ileile! Lingekuwa la angani lingehama.

"Mjomba, tuizibe mdomo halafu tupige tena," akasema. Hilo ndilo lililotufungulia njia. Darubini ikizibwa mdomo, picha hutakiwa kuwa nyeusi tititi. Tukaiacha kamera ikikusanya mwanga dakika 3, na doa likatokea. Tukaichomoa kamera, tukaifunika kwa kifuniko chake, dakika 3 nyingine: giza tupu. Sensa ya kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, ilikuwa nzima, basi. Mwanga ulikuwa unapenya kwenye darubini.

Tukairudisha kamera, mdomo bado umezibwa, mpwa wangu akazunguka na tochi. Kwenye kitundu cha kuchungulia cha kamera, mwanga uliingia kidogo. Kwenye fokasa, sehemu ya darubini inayoshika kamera na kurekebisha ukali wa picha, haukuingia. Alipomulika nyuma ya darubini, picha ikawa karibu nyeupe yote.

Darubini ya Newton, kama hii yetu, hubeba kioo kikuu chini kabisa ya mrija, na mgongo wa kioo mara nyingi huachwa wazi ili kipoe upesi kilingane na hewa ya usiku. Kati ya ukingo wa kioo na mrija kuna mwanya. Mwanga ukipita hapo hupanda ndani, hugonga ukuta na kutawanyika hadi kwenye kamera. Na nyuma ya darubini yetu palikuwa na meza yenye laptopu, skrini yake tumeifunika karatasi nyekundu ya nailoni ili isituharibie macho yaliyozoea giza. Wekundu ule jicho halikuujali, ila kamera inayokusanya kwa dakika nzima haisamehe.

Tulikuwa na kaniki ya kujifunikia baridi. Tukaikunja mara mbili, tukaifunga nyuma ya mrija kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, tukailegeza kidogo hewa ipite. Kitundu cha kamera tukakibandika tepu nyeusi ya umeme, laptopu tukaisogeza kando. Kufikia saa tano usiku nyota za pembezoni zilikuwa zinaonekana hadi ukingoni mwa picha.

Tangu hapo, darubini yoyote ya Newton inayopita mikononi mwangu naiziba mdomo kwanza, naimulika nyuma, hata kama imetoka dukani jana. Nyingi zinavuja.