Alaimenti ya darubini bila leza

Watu wakiona Mshtarii, sayari ya Jupita, amefifia darubinini, bila mikanda, hulaumu kioo. Mara nyingi kioo ni kizima. Darubini ya Newton ina vioo viwili tu: kioo kikuu mbonyeo chini ya bomba, na kioo kidogo bapa karibu na mdomo, kilichoinamishwa nyuzi 45 ili kurusha mwanga ubavuni, kwenye jicho lako. Ipakie kwenye buti la basi Dar, ipite matuta yote mpaka ishuke Dodoma, halafu uone kama vioo hivyo bado vinatazamana. Ni kama gari lililopigwa na barabara mbovu: haliuzwi, linapelekwa alaimenti.

Yangu ina kioo cha milimita 150 na urefu wa fokasi wa milimita 1200, juu ya kitako cha mbao cha aina aliyoieneza John Dobson kule San Francisco. Hiyo ni f/8, yaani urefu wa fokasi ni mara nane ya upana wa kioo, na f/8 ina huruma. Kosa ambalo kwenye f/4 lingeotesha kila nyota mkia, hapa unaweza usilione. Anayeanza namshauri aanze na bomba refu, hata kama konda atanuna.

Kifaa changu ni kifuniko cha plastiki cha mrija wa kutazamia. Nilitafuta kati yake kwa bikari, nikatoboa kwa sindano iliyopashwa moto, upande wa ndani nikabandika karatasi nyeupe. Kioo kikuu nacho kina kiduara kilichobandikwa katikati. Wengine hukibandua wakidhani kinakula mwanga. Hakili kitu, kimo ndani ya kivuli cha kioo kidogo.

Bomba nalilaza. Likisimama na alenki ikaponyoka, inatua juu ya kioo kikuu. Nachungulia tunduni na kugusa skrubu tatu za kioo kidogo, hii nalegeza, ile nakaza, mpaka vishikizo vyote vya kioo kikuu vionekane. Hapo pakikaa sawa, hukaa muda mrefu.

Kazi ya mara kwa mara iko nyuma, kwenye skrubu za kioo kikuu, na mkono wangu haufiki huko jicho likiwa mbele. Mpwa wangu anakaa na kigoda chake. Skrubu za springi tumezipaka rangi ya kucha ya mama yake.

"Nyekundu, robo."

"Kulia au kushoto, mjomba?"

"Kulia. Polepole… hapo!"

Kitone cheusi cha tundu kikiingia katikati ya kiduara, tunakaza skrubu za kufungia, kisha nachungulia tena, kwa sababu hizo za kufungia nazo husukuma kioo.

Hakimu ni nyota. Darubini naitoa nje mapema, maana nyumba ya bati hutunza joto na kioo chenye joto hutetemesha picha. Maelekezo mengi yameandikwa Ulaya na Marekani: tumia Polaris, nyota ya kaskazini, haisogei. Dodoma iko kusini ya ikweta, Polaris iko chini ya upeo wetu. Jioni za Juni mimi hutumia Hadar, ile iliyo karibu zaidi na Msalaba wa Kusini kati ya zile mbili angavu. Mwenzake, Alfa Centauri, inang'aa zaidi, lakini darubinini inagawanyika kuwa nyota mbili na kuchanganya macho. Hadar iko mbali na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo hutembea nusu ya kasi ya nyota za mkanda wa Orioni. Kwa lenzi ya milimita 6, yaani ukuzaji mara 200, napata kama dakika mbili kabla haijavuka uwanja wote unaoonekana kwenye lenzi.

Naiweka katikati, naharibu fokasi kidogo, inafunguka kuwa duara ndani ya duara. Zikisongamana upande mmoja, naisogeza darubini mpaka nyota ifike mahali zinapokaa sawa, halafu mpwa wangu anairudisha katikati kwa skrubu za kioo kikuu. Hii ndiyo mbinu ninayoithamini kuliko zote, na haigharimu hata shilingi.

Na leza, kile kifaa kinachoingizwa mrijani na kurusha nukta ya mwanga ili kupanga vioo? Kabla ya kuinunua, omba ruhusa ya kuizungusha ndani ya mrija. Nukta ikichora duara kwenye kioo kikuu badala ya kutulia mahali pamoja, leza yenyewe imepinda au inacheza mrijani. Mrudishie muuzaji.