Nusu mstari si uzito: jinsi ninavyosoma mizani ya malori kupitia mtandao

Mizani ya malori ninayoihudumia iko Lubumbashi, upande wa Kampemba. Kiashiria chake, yaani kifaa kinachoonyesha uzito, kinautoa kwa kebo ya seriali kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kisanduku kidogo kinazigeuza baiti hizo kuwa TCP, njia ya kupeleka baiti mtandaoni, na programu ya Python kwenye chumba cha risiti inazipokea. Kila mstari uko hivi:

`ST,GS,+0048260kg`

ST ni uzito uliotulia, US ni ambao haujatulia. GS ni uzito wa jumla, lori pamoja na mzigo. Hapo pana herufi 16, halafu zinafuata baiti mbili usizoziona, 13 na 10, ambazo kwenye msimbo tunaziandika `\r\n`. Jumla 18.

Tatizo lilionekana kwenye risiti: lori la kilo 48260 linaandikwa kilo 48, lingine kilo 260. Mpimaji dirishani anaita, "Papa, kilo zinaruka!" na kila mtu anakimbilia kukagua mizani. Mizani ni nzima. Programu ya kwanza ilichukua kila kinachorudishwa na `recv`, amri ya kupokea baiti kutoka mtandaoni, kuwa mstari mmoja kamili, na hapo ndipo kosa lilipo. TCP inahakikisha baiti zinafika kwa mpangilio wake, lakini haitunzi mafungu zilimotumwa. Kwa kasi ya 9600 kila baiti inachukua karibu milisekunde 1, kwa hiyo mstari mzima unahitaji karibu milisekunde 19 kupita kwenye kebo. Kisanduku hakijui mstari ni nini. Muda wake ukifika kinatuma kilichonacho, hata kama ni `ST,GS,+0048` tu. Kinachoniogopesha hapa ni kwamba kipande hicho hakina sura ya kosa. Ni namba halali, na mtu anaweza kulipishwa kwa namba hiyo.

Kabla ya kugusa msimbo, ninaangalia baiti zenyewe. `nc` inaunganika na kisanduku, na `xxd` inaandika kila baiti kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16):

`nc 192.168.1.50 4001 | xxd`

Mwisho wa mstari natafuta `6b67 0d0a`. Hiyo `6b67` ni "kg", `0d` ni 13, `0a` ni 10. Usitegemee kuchapisha mstari kwenye skrini kwa `print`, kwa sababu `\r` inarudisha kishale mwanzoni na maandishi yanayofuata yanaandikwa juu ya yale ya kwanza. Utaona vitu ambavyo havipo. Ukilazimika, chapisha kwa `repr`, inayoiandika `\r` kama herufi za kuonekana.

Kisha ninakusanya baiti kwenye bafa (hifadhi ya muda) na kukata pale tu ninapoiona 10:

```
bafa, anza = b"", False
while True:
    kipande = soketi.recv(4096)
    if not kipande:
        break
    bafa += kipande
    while b"\n" in bafa:
        mstari, bafa = bafa.split(b"\n", 1)
        if anza:
            pima(mstari.removesuffix(b"\r"))
        anza = True
    if len(bafa) > 64:
        raise ValueError("mstari hauishi")
```

Nakata kwenye 10 na si kwenye 13 kwa sababu `\r` inaweza kuwa baiti ya mwisho ya kipande kimoja, na `\n` baiti ya kwanza ya kipande kinachofuata. Anayehesabu zote mbili kuwa mwisho wa mstari anapata mistari mitupu katikati. Nami naondoa `\r` moja tu, ya mwishoni. `strip()` ingekula pia nafasi tupu, na kuna viashiria vinavyojaza nafasi tupu mahali pa sifuri. Ukisoma kwa kuhesabu herufi, kila kitu kinahama.

Kigezo cha `anza` kinatupa mstari wa kwanza baada ya kuunganika. Kiashiria kinatuma mfululizo bila kukungoja, hivyo unaweza kuingia katikati na kupokea `260kg`. Kwa mistari 10 kila sekunde, kutupa mmoja hakupunguzi kitu. Muunganiko ukikatika, kilichobaki ndani ya bafa nacho kinatupwa, kisha bafa na `anza` zinarudishwa upya. Mstari ambao haukufungwa kwa 10 haugeuki kuwa uzito kwa sababu yoyote ile.

Kikomo cha baiti 64 nacho kina kazi. Mtu akibadilisha kasi ya kebo kimakosa, zinaweza kuingia takataka zisizo na 10 ndani yake, na bila kikomo bafa ingevimba hadi kumbukumbu iishe.

Umeme ukikatika upande wa mizani, kisanduku kinazimika bila kuaga. Hakuna baiti inayokuja kukuambia muunganiko umekufa, na `recv` inangoja tu. Naweka `soketi.settimeout(5)`, sekunde 5 bila baiti yoyote ni dalili tosha, nafunga soketi na kuunganisha upya. Hii ndiyo sababu situmii `makefile()` na `readline()`, zinazokusomea mstari mzima, hapa, ingawa ni rahisi kuandika: muda ukiisha katikati ya kusoma, bafa yake ya ndani inaweza kuharibika.

Kuna viashiria vilivyowekwa kutuma 13 peke yake. Hapo mstari unaufunga mara tu unapoiona 13, na unaweka alama kwamba baiti inayofuata, ikiwa ni 10 (kwa vile vinavyotuma zote mbili), itupwe. Usisimame kuingoja hiyo 10. Kiashiria kinachojibu kwa kuulizwa kinaweza kukaa kimya hadi swali lijalo, na lori linabaki juu ya mizani bila risiti.

Mistari ikibeba majina ya wateja, yenye herufi kama é, ninayageuza kuwa maandishi baada ya kukata mstari, si kabla. Katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, é ni baiti mbili, `c3 a9`, na kipande kinaweza kuishia katikati yake. Baiti 10 haitokei kamwe ndani ya herufi ya UTF-8 yenye baiti nyingi, kwa hiyo kukata baiti ni salama. UTF-16, mfumo mwingine, haina usalama huo. `splitlines()` ya maandishi pia inakata kwenye alama nyingine, kama U+2028. Ya baiti inakata kwenye 13 na 10 tu.

Kukubali 10 bila 13 ni sawa kwa mizani. Kwenye seva ya barua pepe ni hatari: RFC 5321, waraka wa kanuni za kutuma barua pepe, inataka `\r\n` kamili, na Desemba 2023 ilionyeshwa hadharani kwamba seva zilizolegea hapo ziliruhusu barua ya kughushi kujificha ndani ya barua nyingine.

Jaribio langu ni mistari 3, baiti 54. Nazikata vipande viwili katika kila moja ya sehemu 53 zinazowezekana, kisha nazituma baiti moja moja. Kila mara lazima yatoke majibu yaleyale: mstari wa kwanza umetupwa, miwili imepimwa, bafa haina kitu.