Mpwa wangu anautaka ugrandmasta

Jumamosi pale kijiweni Kirumba, wazee wa drafti walimpisha mpwa wangu apange kete zake za sataranji. Akaniuliza, "Mjomba, mtu anakuwaje grandmasta?"

Nikamwambia hicho ndicho cheo cha juu kabisa cha sataranji: ufikishe pointi 2500 za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, na kwa kawaida ung'are kwenye mashindano matatu ambamo magrandmasta wenyewe wamo. Ukishapata, cheo ni cha maisha, hata pointi zikishuka. Nikamtajia Amon Simutowe wa Zambia, wa kwanza kusini mwa Jangwa la Sahara. Macho yalimng'aa!

Kinachoniumiza ni nauli. Mashindano mengi ya namna hiyo yako Ulaya, sisi tuko Mwanza.

Mwenye saa ya sataranji asiyoitumia, naomba anitumie ujumbe. Binti huyu anajua kucheza jamani.